Aliyefuata Mkumbo Alimfuata Nani?

Tarehe 14 Novemba 2025, akilifungua Bunge la 13 jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwagusia vijana waliokamatwa katika maandamano na ghasia za uchaguzi wa 29 Oktoba. Mamia yao walikuwa wameshafikishwa mahakamani kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake katika sheria zetu ni kifo. Aliwataka waendesha mashtaka waangalie uzito wa kosa la kila mmoja, na wale wanaoonekana walifuata mkumbo tu, bila kudhamiria uhalifu, wafutiwe makosa yao. Kabla ya mwezi kwisha, mamia walikuwa wamerudi makwao. Tangu hapo watu wamegawanyika. Wako wanaosema mama amewaonea watoto huruma, na wako wanaosema watoto wametukanwa mchana kweupe. Nimewasikiliza wote, na naona wamegombania huruma wakaliacha neno lenyewe likipita. Dai langu ni hili: siku hizi tumelibebesha neno mkumbo mzigo wa maneno matatu, na kila moja kati ya hayo matatu hugawa lawama kwa namna yake. Tunapoyachanganya, tunamfutia mtu hatia kwa kumfutia na akili, na juu ya hapo tunamsitiri yule aliyekuwa mbele, au kile kilichokuwa mbele.

Tuanze na neno. Mkumbo umetokana na kukumba, yaani kuzoa, kusukuma na kuondoka na kila kilichomo njiani. Mvua ikinyesha kwa nguvu na maji yakashuka korongoni, hukumba majani, ndala, chupa, hata kuku wa watu. Ndiyo maana mtu hukumbwa na maafa, hukumbwa na ugonjwa, na hatumuulizi kwa nini. Lakini usemi wetu hausemi kwamba kijana alikumbwa. Unasema alifuata. Jani halifuati mafuriko, linachukuliwa. Anayefuata ana miguu, ana macho ya kumwona aliye mbele, na ana nafasi, hata kama ni finyu, ya kubaki nyuma. Kwa hiyo ndani ya maneno hayo mawili mna mvutano ambao masikio yetu yameshauzoea: nomino inamfanya mtu kuwa taka inayosombwa, kitenzi kinamrudishia miguu yake. Nani anasikiwa zaidi, kitenzi au nomino? Katika matumizi ya sasa, bila shaka nomino. Tukisema fulani alifuata mkumbo, hakuna anayeuliza alifuata kwa sababu gani. Swali hilo limekwisha kujibiwa na neno mkumbo: hakuwa na sababu.

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika eneo hili, na utajiri huo umo kwenye mnyambuliko, jambo ambalo kila aliyekaa darasa la Kiswahili analijua hata kama amesahau majina yake. Kikombe kilichovunjwa kimevunjwa na mtu, na ukitaka utamtaja. Kikombe kilichovunjika kimevunjika, basi. Huwezi kusema kimevunjika na Juma. Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi kwa mtendaji, kauli ya kutendeka huufunga, na badala yake hutazama hali ya kitu chenyewe, kwamba kilikuwa chepesi, au kilikuwa na ufa. Sasa leta kanuni hiyo kwa binadamu. Aliyerubuniwa amerubuniwa na mtu, na sikio la Pwani haliwezi kulisikia neno rubuni bila kukumbuka arbuni, ile fedha ya kutanguliza inayomfunga mnunuzi kabla hajaiona bidhaa vizuri. Aliyedanganyika, kwa upande mwingine, hana aliyemdanganya. Udanganyifu umekuwa sifa yake mwenyewe, kama kikombe chenye ufa, na ndiyo maana ule mchezo wa kuligeuza jina Watanganyika na kutuita Wadanganyika unachoma. Hausemi kwamba tumedanganywa na fulani. Unasema tumeumbwa hivyo. Kisha anakuja wa tatu, aliyefuata, ambaye kitenzi chake ni cha kutenda. Rubuniwa, danganyika, fuata: mmoja katendwa, mmoja katendeka, mmoja katenda. Lawama ya kwanza inakwenda kwa mwingine, ya pili inakwenda kwenye akili ya mtu, ya tatu inakwenda kwenye uamuzi wake. Ukifungua redio leo utamsikia kiongozi mmoja akiyatumia yote matatu ndani ya dakika mbili, juu ya vijana walewale, kana kwamba ni kitu kimoja.

Neno kushawishi nalo lina safari yake, na inafaa kulifuata kidogo. Wakatoliki husali, usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Hapo kishawishi ni mtego, ni kitu cha kuombewa dua kisitupate. Lakini nenda kwenye magazeti na mikutano ya leo, ushawishi ni mali. Mtu mwenye ushawishi hualikwa, hupewa kiti cha mbele, kampuni humlipa aoneshe sabuni yao kwa wafuasi wake, na angalia kwamba wafuasi nao wametoka kwenye kufuata hukohuko. Upande wa mtendaji umesafishwa kabisa. Upande wa mtendewa umebaki na doa lake lote: mwepesi wa kushawishika, asiye na msimamo, bendera fuata upepo. Tunamsifu mwenye upepo na kuicheka bendera. Wala si kila mara, maana mbunge akisimama akasema kwamba ameshawishika na hoja za mtoa hoja, hakuna anayemcheka. Hapo kushawishika ni alama ya mtu anayesikiliza na kupima, na ile 'na' iliyofuata kitenzi chake inataja hoja, si mtu. Kumbe kitenzi kilekile, chenye kiambishi kilekile, kinampandisha aliyevaa suti na kumshusha aliyevaa kandambili. Kilichobadilika ni nani anayesemwa na nani anayesema.

Hapo ndipo ninapoona shida ya kweli. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia tajiri, waziri au mzee wa makamo akiambiwa alifuata mkumbo, nikakumbuka chache mno. Kati ya mwaka 2017 na 2019 wabunge na madiwani wa upinzani walihama vyama vyao kwa makundi kuingia chama tawala, CCM, mmoja baada ya mwingine, kwa maelezo yanayofanana karibu neno kwa neno: wanaunga mkono juhudi za Rais, wakati huo John Magufuli. Wapo waliosema wamenunuliwa, na wapo waliosema wameona mbali. Lakini mkumbo, kwa maana ya huruma, ya mtu asiyejua atendalo, hawakupewa. Waliolaumiwa walilaumiwa kama watu wenye akili zao. Mkumbo tumewawekea vijana, wanawake wa vijijini, wapiga kura masikini, wanafunzi. Na tukiyageukia maneno yetu ya busara tunakuta yanavuta pande zote mbili. Penye wengi hapaharibiki neno, tunasema. Wengi wape. Umoja ni nguvu. Kijana anayekwenda na wenzake kuchimba msingi wa zahanati amejitolea na jamii. Akienda na wenzake walewale barabarani, amefuata mkumbo. Mwendo ni uleule na miguu ni ileile.

Sitaki kuonekana kama ninayesema mkumbo haupo. Upo, na anayeukana hajawahi kuwa kijana. Mwaka 1951 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio ambalo hadi leo linasumbua. Aliwakalisha watu kwenye chumba, akawaonesha mistari, akawauliza upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wote waliokuwemo chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Yule mmoja, asiyejua kilichopangwa, alifuata jibu la wenzake karibu mara moja katika kila tatu, na robo tatu ya waliojaribiwa walijisalimisha angalau mara moja. Ikiwa urefu wa mstari tu unamtoa mtu kwenye ushahidi wa macho yake, itakuwaje nyimbo, moshi, risasi na simu inayolia mkononi kila dakika? Hoja hii ni nzito na ninaikubali. Ila tuichukue nzima. Waliojisalimisha hawakuwa vipofu wala wajinga, na walipohojiwa baadaye, wengi walieleza kwamba waliliona jibu sahihi ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Na pale Asch alipomweka mtu mmoja tu mwingine wa kusema kweli, ufuasi ule uliporomoka. Maana yake ni kwamba mkumbo huwapata watu wenye akili timamu, huwapata kwa sababu zinazoelezeka, na hulegea pale panapokuwa na ruhusa ya kusema kingine. Ukimwambia mtu kwamba alifuata mkumbo ukaishia hapo, hujaeleza lolote. Umelipa jina tu jambo lililokuwa linangoja maelezo.

Hoja ya pili ya wanaolitetea neno hili ni ya rehema, na hii ndiyo iliyonipa taabu zaidi. Wanasema: ndugu, mtoto wa mtu yuko mahabusu, ameshtakiwa kwa kosa la kunyongwa, wewe unakuja na sarufi? Neno lolote linalofungua lango la gereza ni neno jema. Mama anayepanga foleni kupeleka chakula hana haja ya mnyambuliko. Akiambiwa aseme mwanangu alifuata mkumbo tu, hana analolijua, atasema mara mia, na mimi ningesema. Sina jibu la kumpa mama huyo, wala sidhani anadaiwa jibu. Neno mkumbo kinywani mwa mzazi ni ngao, na ngao haiulizwi kama ni kweli. Swali langu ni kwa wanaolitumia kutoka upande wa pili wa meza, wenye uwezo wa kusamehe kwa maneno mengine na wakachagua hili. Mwenye mamlaka anaweza kusema: mashtaka haya hayana ushahidi. Anaweza kusema: kosa lako halifikii uhaini. Kila moja kati ya hizo ni rehema inayomwacha mtu na akili yake. Akisema ulifuata mkumbo, amekurudishia mwili wako na kubaki na sababu zako.

Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuweka sahihi. Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ya wavulana. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tunapewa maharage yaliyoliwa na fukusi, ukichota kwa kijiko unaona vile vidudu vyeusi vimeelea juu ya mchuzi, na ukiuma unasikia ganda tupu. Jioni moja tuligonga sahani, bwalo zima, na kesho yake hatukuingia madarasani. Bodi ya shule ikaja. Siku ya tatu tuligawiwa karatasi zilizochapwa kwa stensili, zenye harufu ya wino mbichi, zimeachwa nafasi ya jina na kidato. Maneno mengine yote yalikuwa tayari: nakiri kwamba nilifuata mkumbo, naomba radhi, sitarudia. Nilijaza. Nilijua nasema uongo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwonesha mwenzangu wa pembeni fukusi watatu kwenye ncha ya kijiko changu kabla sahani ya kwanza haijagongwa. Tulijaza sote, kama wanafunzi mia nne hivi, isipokuwa mmoja wa kidato cha tatu, ambaye alikata yale maneno ya mkumbo kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: nilikuwa na njaa. Huyo alifukuzwa. Sisi tulisamehewa tukarudi kula maharage yaleyale hadi muhula ulipofungwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiifikiria ile hesabu. Watu mia nne walikiri kwamba walifuata. Kama wote tulifuata, nani alikuwa mbele? Mbele kulikuwa na fukusi. Lakini kwenye karatasi hapakuwa na mahali pa kuwaandika.

Sasa niiendee hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba vijana wa sasa hawana uwezo wa kupambanua, wanaendeshwa na simu, hawana jambo lao wenyewe. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba si ya sasa. Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Gavana wa Kijerumani, Götzen, na watu wake walisisitiza kwamba wenyeji walidanganywa na waganga. Alikuwepo kweli mganga, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, na Wajerumani walimnyonga mapema Agosti mwaka huohuo. Alikuwa na ushawishi, hilo halina ubishi, watu walitoka mbali kumwendea. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alipokwenda kuwahoji wazee wa kule, walimweleza habari ya shamba la pamba la kulazimishwa, ya maakida na viboko, ya malipo ya senti 35 ambayo wengine walikataa hata kuyapokea. Maji yalikuwa jibu la swali lililokuwepo tayari. Kwa Götzen, neno la waganga lilikuwa na faida kubwa, maana kama watu walidanganyika, basi pamba haikuwa na kosa, wala aliyeamuru ilimwe. Silinganishi serikali za leo na ya Kaisari. Ninasema namna ya kueleza ni ileile, nayo ni nzee kuliko simu hizi za leo kwa karne nzima.

Udhaifu wake wa pili ulionekana Kenya mwaka 2024. Vijana walipotoka kuupinga Mswada wa Fedha, waliambiwa kwamba wametumwa, wanatumiwa, wanalipwa. Mwezi Julai Rais William Ruto, akiwa Nakuru, aliitaja hadharani Ford Foundation kuwa inafadhili vurugu, na taasisi hiyo ikakana. Lakini kilichotangulia barabara kilikuwa ni kusoma. Vijana walikuwa wameufungua mswada wenyewe, wakaueleza kipengele kwa kipengele kwa video, katika lugha za nyumbani kwao: kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa kabla hata ya Bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia mswada mzima sahihi. Walishawishiana? Naam, usiku na mchana, na kwa simu hizohizo. Walishawishika kwa namna ileile mbunge anavyojisifu kushawishika. Na kama hawakuwa na hoja yao wenyewe, kilichoondolewa kwenye mkate kiliondolewa kwa ajili ya nani?

Hata hivyo, wapo wanaonikubalia hadi hapa na kwenda mbali kuliko ninavyoweza kuwafuata. Wanasema kila aliyetoka tarehe 29 Oktoba alitoka kwa akili yake timamu na dhamira yake kamili, na anayesema vingine amemdhalilisha. Maneno hayo yana heshima ndani yake, lakini si ya kweli, na yana hatari. Si ya kweli kwa sababu kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Siku ile walikuwepo waliokwenda na bango, waliokwenda kutazama, waliokwenda kwa sababu wenzao waliwapigia simu, na waliobeba friji dukani. Kuwaweka wote kwenye dhamira moja ni kosa lilelile la kuwaweka wote kwenye mkumbo mmoja. Na hatari yake ni ya kisheria, maana uhaini unasimama juu ya dhamira. Ukishinda kumwaminisha hakimu kwamba kila mmoja alijua kila kitu na alikusudia kila kilichotokea, umemfanyia mwendesha mashtaka kazi yake. Kisha yako mambo ambayo kwa kweli mtu hurubuniwa. Pale Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha mbinguni, wakiwemo watoto wengi. Nakumbuka jinsi neno danganyika lilivyosambaa wiki zile: wajinga hawa, wamedanganyika vipi? Lugha ikawageukia maiti. Mtoto wa miaka mitano hakudanganyika. Alinyimwa chakula, na waliomnyima wana majina, na vyombo vilivyokuwa na wajibu wa kusikia vilio vya jamaa zao navyo vina majina. Hapo ndipo kauli ya kutendwa ilikuwa inadaiwa, na ndipo tulipoikimbia.

Sheria, ambayo watu huiona kavu, kwenye hili imekuwa makini kuliko midomo yetu. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayemshawishi mwingine atende kosa kana kwamba amelitenda mwenyewe, na hakimwondoi aliyeshawishiwa. Wote wawili wanabaki kuwa watu. Asiye na akili ya kutosha kuhukumiwa nayo sheria imemtaja kwa umri, siyo kwa hisia: mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na wa chini ya 12 hana mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua analofanya halifai. Kijana wa miaka 22 hayumo humo. Kwake yeye, kushawishiwa kunaweza kupunguza adhabu, kunaweza kuonesha kwamba dhamira haikuwepo, lakini lazima kuelezwe: nani alimshawishi, kwa maneno gani, siku gani. Serikali inaposema vijana walirubuniwa, imejitwika deni la kumtaja aliyerubuni na kuleta ushahidi wake mbele ya mahakama. Inaposema walifuata mkumbo, deni hilo linayeyuka, maana mkumbo hauitwi mahakamani wala hauhojiwi. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kwa tume yoyote ya namna hiyo, jambo la kwanza la kupimwa ni kama maswali yake yanaruhusu jibu la nilikuwa na njaa, au yameshachapwa kwa stensili.

Maana matokeo ya neno hili hayaishii langoni mwa gereza. Mkurugenzi wa Mashtaka anapoondoa shauri kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko peke yake hakuzuii shauri hilo kufunguliwa tena, na hakuna mahakama iliyosema kwamba hakutenda. Kijana anatoka bila hukumu na bila kusafishwa. Kitu pekee alichotoka nacho kinachoeleza ilikuwaje ni lile neno, na litakaa naye mtaani kuliko faili lake litakavyokaa kabatini. Miezi itapita. Mtaa utaitisha mkutano wa hadhara, chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, ajenda ni maji yasiyotoka na fedha za taka zisizojulikana zilikokwenda. Kijana yule atanyoosha mkono. Atakuwa amehesabu, amepiga picha za risiti, ana jambo lake mkononi. Mwenyekiti atamtazama, atawatazama wazee waliokaa mbele, na kabla hajampa nafasi ya kusema atamuuliza: wewe si ndiye yule uliyefuata mkumbo?